Kumsimulia Mama Mkwe Mji Mweupe

Mama mkwe wangu aliletwa mtaani kwetu Milanzi siku ambayo upepo wa Ufipa ulikuwa umeamua kutuhamisha wote. Sitii chumvi. Upepo huo uliwahi kumnyanyua jogoo wangu ukamtua mtaa mwingine, Kizwite, na aliporudi baada ya siku tatu alikuwa anawika kwa lafudhi ya huko. Basi siku hiyo mke wangu alimshusha mama yake kutoka kwenye gari la kijijini, akamfunika mablanketi mawili, akamwongoza hadi ndani taratibu kama mtu aliyebeba yai lisilo na ganda. Macho ya mama yalikuwa meupe, weupe wa maziwa yaliyoanza kuganda. Mtoto wa jicho, kushoto na kulia. Aliona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu anayepita, basi. Madaktari wa macho walitarajiwa hospitalini mwezi wa saba, kwa wiki moja tu, na yeye alikuja kuwangoja kwetu.

Sasa, mimi nililelewa na mama aliyeamini kwamba mwanaume akikaa chumba kimoja na mama mkwe wake na kumtazama usoni, hata mvua itasusa. Kwa hiyo tangu nioe, miaka tisa, nilikuwa namwamkia nikiwa nimeinamisha kichwa, naye ananijibu akiwa amenipa mgongo, kitenge amekivuta hadi puani. Mgongo wake ningeutambua sokoni katikati ya migongo elfu moja. Uso wake ulikuwa habari ya kusikia.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Mama akapewa chumba cha watoto, mlangoni tukaweka pazia la maua mekundu. Mimi nikabaki na sebule, pamoja na TV. Cherehani ya mke wangu ikasimama katikati, kando ya pazia, na maneno yote yakawa yanapita kwake.

"Mwambie mume wako uji umenifika," mama angesema kutoka ndani.

"Mama anasema uji umemfika."

"Mwambie mama tunamshukuru Mungu."

"Anasema tunamshukuru Mungu."

Siku ya tatu mke wangu akaondoa mguu kwenye cherehani. "Sikilizeni nyinyi. Mimi siyo mnara wa simu. Mnasikiana vizuri kabisa, hilo pazia lenyewe lina matundu. Semezaneni."

"Nisemezane na mkwe?" Sauti ya mama ilipanda kama ameambiwa atembee uchi. "Vipi?"

"Semezaneni na ukuta. Ukuta hauna mkwe."

Haki ya Mungu, tulifanya hivyo hivyo. Kesho yake asubuhi nilisikia sauti ndogo nyuma ya maua mekundu: "Wewe ukuta, hebu muulize mwenye nyumba kama jua limetoka." Nami nikamjibu ukuta kwamba jua limetoka ila limevaa koti.

Hapa lazima nieleze ugonjwa wangu, maana usipoujua hutaelewa kosa langu. Nilimaliza darasa la saba nikaingia kwenye mashine ya kusaga nafaka pale Kizwite, na niko humo mpaka leo, nikitoka kila jioni mweupe kama mzimu wenye adabu. Nilipofika umri wa kuwa na kitambi nikaamua kusoma. Madarasa ya jioni, kwenye shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yakiwa juu ya masikio. Tulikuwa wanafunzi mamia kwa mamia. Mwalimu alihesabu kumi na mmoja, lakini yeye alikuwa na macho mabovu.

Mwalimu huyo alikuwa mstaafu aliyewahi kusomea upadre akaacha njiani. Alipangiwa kutufundisha uraia, na uraia ulimchosha upesi. Baada ya dakika ishirini alifunga daftari, akaegemea meza, akauliza: "Mkitoka humu wote, mkafunga mlango, huu ubao utabaki mweusi?" Fundi bomba mmoja alisema utabaki mweusi hata yeye afe. Mimi nilisimama nikasema weusi unahitaji jicho la kuuona, bila jicho ubao ni kitu kinachosubiri. Mwalimu aliniangalia kwa muda mrefu kisha akasema, "Huyu msaga unga ni hatari." Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo. Nilitoka pale na cheti cha kidato cha nne na ugonjwa usiopona: kila kitu nikikiona, lazima nikifafanue.

Basi ndiyo ikaja ile tamthilia ya kwenye TV.

Ilianza Jumapili moja mwezi wa tano, saa kumi alasiri, muda ambao watu wametoka kanisani, wamekula, na mji umelegea. Ilikuwa ya kigeni, imewekewa sauti za Kiswahili, ila waliokuwa wanaongea walikuwa wachache mno. Kulikuwa na mji katika theluji. Mpeleka barua wa mji huo alitoweka asubuhi moja, baiskeli yake ikakutwa imesimama yenyewe katikati ya barabara, gurudumu la nyuma bado linazunguka. Kesho yake kila nyumba ikapata bahasha yenye mwandiko wake, na ndani ya bahasha karatasi tupu. Kulikuwa na ngazi ya mawe uwanjani, inapanda juu, halafu inakoma hewani. Na kulikuwa na mama mmoja aliyefunga kitambaa cheusi machoni, anakaa kando ya kisima kilichoganda, wala hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kwa dakika nyingi kilichosikika ni upepo tu, na huku kwetu nje nako upepo, usijue upi ni wa nani. Nyuma ya pazia sauti ikasema:

"Wewe ukuta. Kumetokea nini humo? Mbona kimya? Wamekufa?"

"Hawajafa, mama," nikauambia ukuta. "Wanatembea kwenye theluji."

"Theluji ndiyo nini?"

"Ni kama umande uliokataa kuyeyuka. Umefunika kila kitu. Mapaa, miti, barabara, mpaka mgongo wa punda. Mji wote ni mweupe. Huoni mwisho wa ardhi wala mwanzo wa mbingu."

Nyuma ya pazia mama akaguna: "Basi hapo usijisumbue. Hata mimi ndicho ninachokiona."

Niliweka kigoda changu karibu na pazia, mgongo nimemgeuzia, macho kwenye TV, nikaanza kumsimulia. Hapo ndipo zilipoanza Jumapili tamu kuliko zote nilizowahi kuishi. Sijui nizielezeje. Mke wangu anashona, sindano inatembea kama mvua ya mbali. Mwanga wa alasiri unaingia mlangoni ukiwa na vumbi lake, mwembamba, wa dhahabu, unapanda ukutani polepole. Kwenye kioo mji mweupe unaelea, watu wanafungua midomo bila kusema. Na sauti yangu inakwenda, inakwenda, mpaka nasahau ni yangu. Wakati mwingine nilihisi kwamba sisimulii kilichopo, kwamba theluji inaanguka kwa sababu nimeitaja.

Kusimulia peke yake kusingenitosha, unanijua. Nikaanza kufafanua.

"Mji huu, mama," niliuambia ukuta Jumapili ya pili, "siyo mji. Ni toharani. Hawa watu walikwisha kufa, wanangojea kusafishwa. Ndiyo maana pote ni peupe."

"Toharani kuna posta?"

"Posta ni sala zetu, mama. Zinapelekwa."

"Na zile karatasi tupu?"

"Mungu anajibu kwa ukimya."

Mama alifikiri. Nilisikia rozari yake ikigongana punje kwa punje. "Au wino umeganda kwa baridi," akasema. Cherehani ikasimama, mke wangu akacheka mpaka akajichoma kidole.

Ndivyo alivyokuwa. Mimi naleta mbingu, yeye ananirudisha jikoni. Mbuzi alipopita katikati ya ofisi ya serikali bila mtu kugeuka, nilimwambia ni dhamiri ya mji, inapita na hakuna anayetaka kuiona. Yeye akauliza kama mbuzi huyo amekamuliwa. Lakini kuna mambo aliyasema yakanikaa kifuani wiki nzima, nikiwa mashineni, mahindi yanashuka, mkanda unalia, nayawaza. Kuhusu ile ngazi, kwa mfano. Nilikuwa nimemwekea hotuba ndefu: ngazi ni akili ya binadamu, inapanda mpaka inapokosa pa kukanyaga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukuta, mimi nadhani palikuwa na nyumba hapo," alisema. "Wenyewe wakaibomoa wakahama. Nyumba unaweza kuibeba, mlango unabeba, bati unabeba. Kupanda huwezi kukubeba. Kumebaki."

Theluji ilikuwa inaanguka juu ya ngazi, daraja kwa daraja. Mwalimu wangu angesikia vile angefunga daftari siku nzima.

Jumapili ya nne ndipo nilipofanya kosa. Yule mama wa kitambaa cheusi aliinuka kisimani, akatembea moja kwa moja kwenye theluji, macho yamefungwa, mikono mbele, akapiga magoti, akafukua, akatoa begi la mpeleka barua. Polisi walikuwa wamelitafuta vipindi vitatu, na mbwa, na mataa. Basi nikasimama kutoka kwenye kigoda. Nikapaza sauti kama niko mimbarini.

"Umesikia hilo, ukuta? Wenye macho hawakuona! Macho ya nje ni dirisha lenye vumbi. Yanaona rangi tu, yanaona maganda. Macho ya nje yakifungwa ndipo ya ndani yanafunguka. Anayeona kweli ni yule asiyeona!"

Nilikuwa nimeipenda sentensi hiyo. Niliirudia mara tatu, kila mara kwa mikono tofauti. Nyuma ya pazia rozari ilikuwa imenyamaza, na mimi nikachukulia ukimya ule kama makofi.

Wiki chache baadaye mke wangu alirudi kutoka hospitalini akiwa amejaa vumbi, mkononi kikaratasi cha namba. Alikuwa amempeleka mama kupimwa asubuhi, akamrudisha, kisha akaenda mwenyewe kupanga foleni ya kuandikisha. Madaktari wangefika Jumatatu inayofuata. Akakaa kwenye cherehani, akapumua.

"Mama, umepata namba. Jumatano."

"Siendi," sauti ikasema kutoka ndani. Tulivu kabisa.

"Huendi wapi?"

"Kwenye kisu. Mume wako amesoma, na amesema mwenyewe, mara tatu. Macho ya nje yakifungwa, ya ndani yanafunguka. Yule mama wa kitambaa ameliona begi ambalo wazima hawakuliona. Nikatwe jicho nitafute nini? Maganda?"

Mke wangu aligeuza shingo akanitazama, na mimi nilitamani niwe ukuta kweli.

"Baba watoto. Njoo nje."

Tulisimama kando ya mapipa ya maji, upepo unatupiga. "Umemfundisha nini mama yangu?"

"Ni falsafa tu, mke wangu. Ilikuwa ni kufafanua ile picha..."

"Falsafa! Unajua muuguzi ameniambia nini leo? Jicho la kushoto limeiva kupita kiasi. Likiachwa linaweza kufa lote, wala lisifufuke. Na hawa wakiondoka hawarudi mpaka mwakani. Mwakani, unasikia? Wewe unamwambia gizani ndiko kwenye kuona! Mbona wewe ukipoteza ufunguo unawasha taa zote za Milanzi?"

Jambo la kutisha ni kwamba kila nilipojaribu kumbembeleza mama kupitia ukutani, alinirudishia maneno yangu, yakiwa yamekaa vizuri kuliko nilivyoyasema mimi. Kumbe maneno yakiwa matamu hayajali yanampeleka mtu wapi.

Ijumaa mwalimu wangu alikuja mashineni na debe la mahindi. Nilimsagia, nikazima mashine, nikamsimulia yote, nikiwa mweupe kwa unga, yeye amekaa kwenye gunia la pumba.

"Shikamoo yako nimeipokea, sasa nijibu," alisema. "Ulipokuwa unasema, ulikuwa unaamini?"

"Mwalimu, nilikuwa napenda yanavyosikika."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akavua miwani yake, ile yenye mguu mmoja uliofungwa kwa uzi, akaifuta unga kwa shati.

"Mimi hayo maneno ya macho ya ndani nimeyafundisha miaka mingi," alisema. "Na sijawahi kuyafundisha bila kuvaa hii."

Alichukua unga wake akaondoka, akaniacha pale na mashine iliyozimwa.

Nikapanga kudanganya. Jumapili hiyo kilikuwa kipindi cha mwisho cha tamthilia, na mimi ndiye nilikuwa macho ya mama: hata yule mama wa kitambaa angefanya nini, mimi ningesema amekifungua, ameuona mji wake, amelia kwa furaha. Uongo mmoja mdogo, kwa mtu niliyekwisha kumdanganya kwa ukweli mkubwa. Nilijiandaa. Nilipiga hata mswaki mara mbili.

Saa kumi ikafika. Mwanga ukaingia mlangoni ukiwa na vumbi lake. Kwenye kioo, mama wa kitambaa alitembea uwanjani, akafika kwenye ngazi, akaanza kupanda. Hakukuwa na sauti, hata ya upepo. Theluji ilikuwa inapanda juu badala ya kuanguka, sijui waliwezaje, vipande vyeupe vinaelea kuelekea mbinguni pamoja naye. Akafika daraja la mwisho. Akasimama pale panapokoma. Mikono ikaenda nyuma ya kichwa, kwenye fundo. Vidole vikalishika fundo. Halafu kioo chote kikawa cheupe, kikabaki hivyo muda mrefu, majina yakaanza kupita. Imekwisha. Wala mpeleka barua hakupatikana.

"Ukuta," mama aliuliza. "Amekifungua?"

"Amekifungua, mama."

Cherehani ikasimama.

"Umesema haraka," mama akasema. "Wewe ungeanzia kwenye mawingu. Ungenieleza vidole vyake, ungenieleza na ukoo wa vidole. Leo umejibu kama mtu anayefukuza kuku."

Nilikaa chini. Sijui ni wapi nilipata ujasiri, au labda ulikuwa uchovu. Niliuambia ukuta kwamba sikuona kama alifungua au hakufungua, kwamba picha ilikatikia hapo. Nikauambia kwamba tangu siku ya kwanza sijaelewa hata nusu ya tamthilia ile. Toharani nilijitungia. Dhamiri na mbuzi nilijitungia. Macho ya ndani niliyachukua kwa mwalimu, na mwalimu mwenyewe anavaa miwani.

"Najua," mama akasema.

"Unajua?"

"Hata ningekuwa kiziwi ningejua. Ulisema punda ana theluji mgongoni, halafu Jumapili ile ile ukasema ni farasi." Sauti yake ikashuka. "Sikukataa kwa sababu yako. Ulinipa maneno mazuri ya kukatalia, nikayachukua. Dada yangu alichokolewa jicho na mtu aliyepita kijijini na sindano yake. Kabla ya hapo alikuwa kama mimi, anaona mlango. Baada ya hapo hata mlango hakuuona. Mimi nina mlango. Nina kivuli cha binti yangu akipita. Wakinipokonya hivyo nitabaki na nini? Na maneno yako?"

Mke wangu alikuwa ameweka kitambaa cha kushonea usoni. Mimi nilitazama kioo cheupe.

"Wanaanza kesho," mama akaendelea. "Wa kwanza watafunguliwa bandeji keshokutwa. Wewe ukuta, mwambie mwenye nyumba aende akaone. Aje aniambie. Bila mawingu, bila toharani. Akitia chumvi hata punje moja, nitaijua, na siendi."

Jumanne niliomba ruhusa mashineni. Nilikaa barazani hospitalini tangu saa moja asubuhi, kwenye baridi ya kugandisha salamu mdomoni. Hapana. Baridi ya kawaida. Nilikuwa nimeanza kujizoeza.

Walikuwa watu kumi na wawili kwenye mabenchi, kila mmoja jicho moja limefunikwa. Muuguzi alipita akiwafungua mmoja mmoja, anafuta jicho kwa pamba, anasimama hatua chache, anainua mkono. Bibi wa kwanza alisema, "Vitatu, na una pete." Wa pili alihesabu sawa. Mfanyabiashara wa samaki kutoka Kabwe alipofunguliwa hakuhesabu vidole vya mtu, aliangalia viganja vyake mwenyewe, akavigeuza, akavigeuza tena. Waliendelea hivyo. Niliwauliza watatu kama inauma.

Wa kumi na moja alikuwa mzee mwenye koti jeusi. Muuguzi akainua mkono. "Vingapi, mzee?"

"Vingapi nini?"

Muuguzi akasogea karibu. Akauliza tena. Mzee akatikisa kichwa. Muuguzi akachuchumaa mbele yake akasema jicho hili lilichelewa, mshipa wake ulikwisha kufa, walimwambia tangu mwanzo kwamba wanajaribu tu. Mzee akapapasa mpaka akaupata mkono wake. "Asante mwanangu. Umejaribu."

Wa kumi na mbili aliona.

Njia nzima ya kurudi Milanzi nilitembea na yule mzee kichwani. Sikuwa nimelala mchana, lakini kila kitu kilikuwa kama ndani ya kioo: vumbi linaelea, mwanamke na ndoo kichwani anapita bila mlio wa miguu, wingu limeketi juu ya paa la mtu kama linamngoja mwenye nyumba. Kumi na wawili kati ya kumi na wawili, ningesema. Sikia neno hilo linavyolia! Lina mdundo. Nani angejua? Jicho la kushoto linakufa, mwaka ni mrefu, na mimi nina uwezo wa kumponya mama kwa neno moja tu na yule mzee kwa kutomtaja. Nilifika nyumbani sijaamua. Nikavuta kigoda, nikageuza mgongo kwenye pazia.

"Walikuwa kumi na wawili," nikauambia ukuta. "Kumi na mmoja wameona. Mmoja hakuona."

Nilisikia mke wangu akivuta pumzi kwa hasira.

"Huyo mmoja ni mtu wa namna gani?" mama akauliza.

"Mzee. Ana koti jeusi. Muuguzi alisema jicho lilichelewa."

"Alilia?"

"Hapana. Alishukuru."

"Inauma?"

"Wawili walisema sindano ya ganzi inauma kama siafu, halafu basi. Mmoja alisema alisinzia."

"Damu?"

"Sikuiona. Hawakuniruhusu kuingia wanakopasulia, kwa hiyo sijui."

Rozari ikaanza kutembea. Ilitembea muda mrefu, na mimi sikufafanua kitu, ingawa ulimi uliniwasha. Mwishoni ikasimama.

"Ungesema wote wameona ningejua ni wewe," mama akasema. "Alichelewa, yule mzee." Halafu, siyo kwa ukuta, kwa binti yake: "Nitafutie lile gauni la kanisani. Siendi kwa madaktari na hili."

Jumatano walimpasua jicho la kushoto, lile lililokuwa hatarini zaidi. Alhamisi asubuhi sikwenda mashineni. Mke wangu aliingia naye, mimi nikabaki barazani kati ya ndugu wa wagonjwa wengine. Nilijiambia nitasubiri kama mtu mzima. Nilisubiri labda dakika nne, ambazo ni miaka kumi. Kisha nikasikia muuguzi ndani akisema, "Haya mama, fungua taratibu," na miguu yangu ikaingia bila kuniuliza.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amevaa gauni la kanisani. Pamba ilikuwa imeondolewa. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi, na katikati yake, mahali palipokuwa na maziwa, palikuwa na weusi mbichi unaomeremeta. Lilitazama mkono wa muuguzi. Lilitazama dirisha. Likamtazama mke wangu, likakaa hapo, mama akainua mkono akamgusa nyusi bila kusema chochote. Kisha likageuka mlangoni.

Mama mkwe wangu alishtuka. Akashika kitenge chake, akakivuta hadi puani, akazunguka juu ya benchi zima zima mpaka akanipa mgongo.

"Huyo mwanaume ni mkwe wangu?" aliuliza akitazama ukutani. "Mtoeni humu, hana haya!"

"Toka!" mke wangu akapiga kelele, machozi yanamtiririka, anacheka. "Toka, anakuona!"

Nilitoka mbio. Barazani bwana mmoja aliyekuwa anamsubiri baba yake aliuliza kama wetu ameona. Nikasema ameona.

"Ameona nini?"

"Ameniona mimi," nikamwambia, "akageuka."